Matanga ya Bofya Ulipwe

Msiniulize kama Bofya Ulipwe inalipa au hailipi. Kila ninayekutana naye, sokoni, kanisani, hata kwa fundi viatu, swali ni hilo hilo, utafikiri mimi ndiye niliyeianzisha. Nitasema yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamjibu kwa mwiko.

Mimi ni Kokuberwa, Mama Deo, muuza dagaa wa soko la Mwaloni pale Kirumba. Kwetu ni Muleba, ila Mwanza ndiyo iliyonizeesha. Mume wangu yuko machimboni Geita, anakuja akipata nafasi. Nyumbani Mkolani naishi na mama yangu mzazi, Ma Wilhelmina, ambaye nyonga yake ya kulia imelika mpaka mfupa unasaga mfupa. Akitaka kugeuka kitandani anajikusanya kwanza, anashusha pumzi, ndipo anajaribu, na mimi nikiwa jikoni nasikia kitanda kinavyolia. Daktari alishasema awekewe nyonga ya bandia, na kifaa chenyewe tununue sisi. Ndugu tulichanga karibu mwaka mzima. Hela tulimwachia mdogo wangu Leonsia, mwenye duka la fotokopi Mkuyuni, kwa sababu Leonsia ni mtulivu na mimi nina mdomo. Tarehe ya kumlaza mama tulikuwa tumeshapewa. Hela hizo, hela za mguu wa mama, ndizo ninazozisema hapa mwanzo hadi mwisho. Mengine ni makelele.

Sasa mjue tunavyonunua dagaa pale Mwaloni. Magunia yanashuka kutoka visiwani, na wenye magunia si malaika. Juu wanaweka dagaa waliokauka vizuri kwa jua, wanang'aa hadi unatamani. Chini wanajaza mchanga na wale walionyeshewa mvua wakaanza kuvunda. Mteja mgeni anashika wa juu, anatabasamu, analipa, amekwisha. Mimi naingiza mkono hadi begani, nachomoa wa chini kabisa, natafuna. Nikimeza, safu yetu yote ya wanawake inanunua. Nikitema, mwenye gunia anajua atalala nalo. Imekuwa ndiyo desturi yetu. Watu hawaulizi bei kwanza, wanauliza, "Mama Deo ametafuna?"

Kwa hiyo Dorcas alipokuja na simu yake asubuhi moja, sikushangaa kwa alichoniomba. Dorcas ni Mjita, meza yake iko ubavuni mwa yangu, na kicheko chake kinasikika hadi Bwiru. Alikuwa ameingizwa na shemeji yake kwenye programu inayoitwa Bofya Ulipwe. Unaweka kiingilio, unapewa video za watu usiowajua, watu wanacheza, wanapika, wanauza mafuta ya nywele. Unaangalia, unabofya alama ya moyo, unafuata kurasa zao mtandaoni, na jioni hela yako imeongezeka.

"Na wanaolipa ni akina nani?" nikamuuliza.

"Wenye hizo video. Wanataka waonekane wanapendwa na watu."

"Ebo! Mtu wa huko duniani anilipe mimi nimpende?"

"Ndiyo maana nimekuja, shoga yangu. Mimi mwenyewe sielewi. Tutafunie hii."

Nikatafuna. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote, sikutaka ya juu. Niliweka hela ndogo, nikabofya hadi kidole kikafa ganzi, kisha nikatoa yote, faida na mtaji, sikubakiza senti. Ikaingia kwenye simu. Nikaenda kwa wakala, nikaishika mkononi, noti za kweli. Nikarudisha nyingine, kubwa zaidi, nikaitoa tena yote. Ikaja. Wanawake wamenizunguka hapo mezani wanasubiri, hata wateja wamesahau walichofuata. Nikawaambia, "Nimemeza."

Kosa langu lote liko hapo, na sikuliona. Gunia ukishalichimba hadi chini umelijua, haliwezi kukugeukia. Lakini hawa wa Bofya walikuwa wananiona ninavyoonja. Walijua huyu mama anaonja, mpeni vizuri, ana watu nyuma yake. Gunia la dagaa halina macho, na mimi miaka yote hiyo nimezoea vitu visivyo na macho.

Wakajiunga wote, wote chini ya jina langu, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyo, aliyekuleta ndiye kiongozi wako. Nikapewa cheo. "Kiongozi wa Timu," simu inaniambia kila nikiifungua, na mataji mawili pembeni. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mama wa watu sijapata cheo tangu niwe kiranja wa usafi shuleni.

Zikapita wiki kama tatu. Halafu kutoa kukaanza kuwa kugumu. Ukiomba hela yako, maandishi yanakuja, "Inakaguliwa." Kesho, inakaguliwa. Keshokutwa unaambiwa ngazi yako ni ndogo, panda ngazi ya Dhahabu, yaani ongeza hela, ndipo utoe. Nikamtafuta Pius. Huyu Pius ni kijana wa Bofya aliyejiita meneja wa kanda, anavaa koti kwenye joto la Mwanza kama mtu aliyeagizwa ateseke. Nilimkuta anakunywa soda karibu na uwanja wa mpira.

"Pius, hela yangu iko wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hela iko wapi?"

Akacheka taratibu, akaniwekea kiti. "Mama yangu, mfumo unaboreshwa. Hela zipo. Ila nikuombe kitu kimoja, usiseme ovyo. Kanuni iko wazi. Kiongozi akiichafua Bofya hadharani, akaunti yake inafungwa pamoja na za timu yake yote. Si mimi, ni mfumo wenyewe unafunga."

"Yaani nikisema ukweli, Dorcas anapoteza hela yake?"

"Nani kasema ni ukweli?" akaniuliza, na soda yake akaendelea nayo.

Hapo ndipo nilipojua nimeingia. Mimi, Kokuberwa, niliyewahi kumfukuza mgambo kwa maneno matupu, nimefungwa mdomo na kijana wa koti. Nikinyamaza, wanawake wa safu yetu wanaendelea kuongeza hela na kuleta dada zao. Nikisema, zinafungwa zote siku hiyo hiyo, na zile hela ni za kodi, za ada, za mtaji wa dagaa. Asubuhi nikifika mezani wananiuliza, "Mama Deo, vipi, ipo?" Najibu, "Ipo." Nafika nyumbani, namwogesha mama, ananiuliza mbona siku hizi siongei. Namwambia ni uchovu.

Na hapo hapo, Leonsia.

Alikuja Mkolani na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Kifaa cha nyonga kimepanda bei, akasema, amepita kuulizia. Kaka zetu amewapigia, mmoja hapokei, mwingine anasema amechangia hadi amebaki na suruali. Pengo lipo na siku zinakwenda. Kisha akasogeza kiti karibu, sauti ya chini ili mama asisikie kutoka chumbani.

"Da Koku, tuziweke Bofya. Wiki mbili tu. Zikizaa kidogo tunatoa, tunaziba pengo, mama analazwa."

"Usithubutu."

"Mbona wewe umo?"

"Leonsia, nimekwambia usithubutu. Hailipi tena."

"Mbona sokoni unawaambia ipo? Nimeongea na Dorcas jana. Anasema wewe ndiye umethibitisha."

Nilimweleza yote, habari za kukaguliwa, za Pius, za kanuni. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia maneno ambayo sikuyategemea. "Dada, au unaona tukiweka hela nyingi chini ya mtu mwingine wewe utakosa fungu la kiongozi?" Mdogo wangu! Niliyembeba mgongoni! Nilimtukana kidogo, nakiri, naye akachukua mkoba wake akaniambia Jumapili kuna kikao cha Bofya Kirumba, atakwenda asikie mwenyewe, na simu yake ataenda nayo.

Jumapili baada ya misa ya pili ukumbi ulijaa hadi watu wamekaa madirishani. Pius alikuwa mbele na kipaza sauti, ameandaa mashahidi. Kijana mmoja amenunua pikipiki. Mama mmoja amepaua nyumba. Kila akishuka mmoja watu wanapiga makofi. Kando kulikuwa na meza ya kujiunga, na msichana wa Pius anasaidia watu kubonyeza. Leonsia alikuwa wa tatu kwenye foleni, simu mkononi, amevaa gauni lake la Pasaka.

"Sasa namwita," Pius akasema, "mama anayeaminika kuliko wote Mwaloni. Mama huyu akitafuna, Mwanza nzima inakula!"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Nikapanda. Naapa nilipanda nikitaka kusema mawili matatu ya kupoza mambo kisha nishuke, kwa sababu Dorcas na wenzake walikuwa wamekaa mstari wa mbele wananitazama kwa mapenzi kabisa. Lakini nikimtazama Leonsia, amebaki wa pili. Kisha huyo wa mbele yake akaondoka. Leonsia akainama mezani, akafungua simu.

"Ni wizi!" nikasema kwenye kipaza sauti, na sauti yenyewe ikanishtua. "Hailipi! Hela yangu imekwama, na zenu zimekwama, na anayewaambia zinakaguliwa anawadanganya. Leonsia, funga simu! Mguu wa mama hauko humo!"

Pius hakubishana. Hakupaza sauti wala nini. Aliinamisha kichwa kama anasikitika sana, akagusa simu yake mara moja. Na simu za mstari wa mbele zikaanza kulia, moja, nyingine, nyingine. "Akaunti imefungwa. Sababu: Kiongozi wa Timu."

Leonsia alirudisha simu kwenye mkoba akatoka nje. Hilo tu ndilo nililolitaka, na nilimshukuru Mungu nikiwa bado juu ya jukwaa. Lakini Dorcas alisimama, na sijawahi kumwona Dorcas bila kicheko.

"Mama Deo, umetuua," akasema.

"Mimi? Au yule pale mwenye koti?"

"Ilikuwa inakaguliwa! Wiki hii ingetoka! Ungenyamaza tu wiki moja!"

Wote wakapokea maneno hayo. Hakuna aliyemgeukia Pius hata kwa jicho. Kwao hela ilikuwepo hadi dakika ile nilipofungua kinywa, na mimi ndiye niliyeifuta. Nikajaribu kueleza, nani wa kunisikiliza.

Jumatatu sokoni hakuna aliyeuliza kama nimetafuna. Magunia yameshuka, wamenunua bila mimi, na mchanga wake. Jumanne asubuhi nikiwa nampikia mama uji nikasikia geti linafunguliwa, nikadhani ni muuza maziwa. Nikachungulia. Wanawake wa safu yetu wanaingia mmoja mmoja, kanga wamejitanda kichwani, mikeka kwapani. Hawakubisha hodi. Wakatandika mikeka uani, wakakaa, miguu wameinyoosha mbele, kimya. Walikuja kuniwekea matanga.

Mawe! Ndivyo tunavyoita mama sisi Wahaya tukizidiwa, na mimi niliita kimoyomoyo kwa sababu mama mwenyewe alikuwa chumbani. Nani asiyejua mikeka uani maana yake nini? Haikupita saa moja majirani wakaanza kuja. Huyu na kuni, huyu na ndoo ya maji, huyu na sufuria. Wakawasha moto bila kuuliza, maana msibani mtu haulizi, anashika kazi. Mzee Ngosha, jirani yangu Msukuma, akaja na kofia mkononi, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Pole, mayu. Nani katutoka?"

"Hela zetu, mzee," Dorcas akajibu, bila kuinua kichwa.

Mzee Ngosha akanitazama, akawatazama wao. Angetaka kuondoka, naamini, lakini mtu haondoki matangani kabla hajakaa. Akatafuta kiti akakaa. Baadaye nikaona anapewa chai.

Mama akaniita kutoka ndani. "Kokuberwa, hao watu uani ni wa nini?"

"Kikao cha jumuiya, mama."

"Mbona hawasali?"

"Wanasali kimoyomoyo."

Akafurahi, masikini. Alisema ni vizuri watu bado wanakumbuka kuombea wagonjwa. Sikuweza kumwambia. Daktari alikwisha kusema presha yake ikipanda hawamgusi, na mimi nimwambie mwanao ndiye aliyewaingiza wanawake hawa kwenye shimo, na hela ya mguu wako nusura nayo itumbukie? Ningeanzia wapi?

Walikaa Jumanne kutwa, jioni wakaenda, Jumatano asubuhi wakarudi na mikeka yao. Nilifoka. Niliwaambia nitaita mjumbe, nitaita polisi. Dorcas akasema waite, tutawaeleza nani alituambia amemeza. Niliingia ndani nikatoka, nikaingia tena. Sokoni siwezi kwenda, kwangu siwezi kukaa, na getini wanapita watu wananipa pole, wengine wanaweka hata rambirambi kwenye sahani. Sahani yangu mwenyewe, waliichukua kabatini kwangu!

Mchana mama akatoka kwenda chooni na fimbo yake. Choo chetu kiko nyuma ya ua, na uani hakuna pa kupita. Wanawake wakanyanyuka wote. "Shikamoo, bibi." "Shikamoo, bibi." Wakakunja mikeka kumpisha, Dorcas akamshika mkono, wakaenda naye polepole, hatua moja, anapumzika, hatua moja, anapumzika. Mama aliwabariki kwa Kihaya na Kiswahili. Dorcas alipomrudisha kitandani, akanifuata jikoni, macho mekundu.

"Bibi hajui kitu," akasema.

"Mwache mama yangu."

"Nampenda bibi. Lakini mimi nina watoto, Mama Deo. Pius amesema atafungua akaunti zetu leo hii, ukitoa video ya kuomba radhi na kusema inalipa. Dakika moja tu. La sivyo naingia mle chumbani, namweleza bibi kila kitu. Nitakaa pembeni ya kitanda chake na kumweleza."

Angefanya. Sikumwona mbaya, ndilo lililonikera zaidi. Ningekuwa mimi, ningefanya vibaya zaidi ya hapo.

Kwanza nikampigia Leonsia. "Sikiliza. Utaona video yangu leo nasema Bofya inalipa. Nimelazimishwa. Usiguse hela ya mama. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

"Rudia."

"Nisiguse hela ya mama."

Nikavaa kitenge kizuri, maana Pius alitaka nipendeze. Uani jua lilikuwa kali, tukasimama ubavuni mwa nyumba penye kivuli. Dorcas ameshika simu ya kurekodi, Pius yuko kwenye simu nyingine ananielekeza. Nikaomba radhi. Nikasema nilipitiwa na hasira za ugonjwa nyumbani. Nikasema nimelipwa na nitaendelea kulipwa.

"Apa," Pius akasema.

"Naapa kwa Mungu."

"Aa, mama, wafanyabiashara mnaapa kwa Mungu kila mkiombwa mpunguze bei. Apa kwa mzazi. Na paza sauti, hausikiki."

Nikapaza. "Naapa kwa jina la mama yangu Wilhelmina, aliyenizaa na kuninyonyesha, Bofya Ulipwe inalipa!"

Robo saa haijapita simu zikalia tena. Zimefunguliwa! Na si kufunguliwa tu, kila mmoja ameruhusiwa kutoa kidogo. Wakakimbilia kwa wakala wa pale barabarani, wakarudi na noti mkononi, vigelegele mtaa mzima. Walinikumbatia. Mmoja aliniletea kuku. Dorcas alicheka kile kicheko chake, akalia hapo hapo, akaniomba msamaha. Mikeka ikakunjwa, sufuria zikarudi kwa wenyewe, na Mzee Ngosha akanivuta pembeni kuniuliza mtu anajiungaje.

Nami nikatoa kidogo changu. Ikaja. Nikakaa jikoni nikiishika, na nawaambia kweli, nilianza kujishuku. Labda ilikuwa inalipa siku zote. Labda ni mimi mwenye matatizo, mimi na mdomo wangu. Mtu mwenye akili timamu anawezaje kushika hela mkononi akasema haipo? Nilibaki na wazo hilo siku nzima, na lilinipa hata usingizi.

Wiki ya kumlaza mama ikafika. Leonsia akaja alasiri, amechangamka, ana mfuko wa machungwa. Nikamwambia kesho tupite tukanunue kifaa, pengo watudai polepole, nimeshaomba mtu anishikie meza.

"Bado kidogo, Da Koku," akasema. "Hadi Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

Akaweka machungwa mezani, moja moja, hanitazami. Nikamnyang'anya mkoba, nikatoa simu. Ngazi ya Dhahabu. Hela zote za mguu wa mama zilikuwa pale na faida juu yake, tarakimu zinawaka kwa rangi ya manjano. Na chini yake, neno moja. Inakaguliwa.

Nilimshika shingoni kwenye gauni. "Nilikupigia simu! Nilikwambia nimelazimishwa! Ukarudia kwa mdomo wako!"

"Nilikusikia! Na sikuweka! Siku tatu nzima sikuweka, mwulize hata nani!"

"Kisha?"

"Kisha nikaamriwa! Ningefanyaje, dada? Ningekataa?"

"Ukaamriwa na nani, mpumbavu wewe?"

"Kokuberwa!" Ilikuwa sauti ya mama, kutoka chumbani. "Mwache mwenzio. Njoo hapa."

Nikaenda. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika mbao kwa mikono miwili. Amevaa kilemba chake cha kanisani. Alikuwa anatabasamu.

"Usimgombeze. Ni mimi niliyemwambia aweke. Nilimpigia mwenyewe, kwa simu hii ndogo mliyoninunulia. Nimewachosha, wanangu. Kaka zenu nimewachosha, wewe umekonda. Nasikia mnanong'ona kila siku juu ya hela, mnadhani mguu ukiuma na masikio yanaziba." Akashusha pumzi. "Siku ile ya kikao chenu nilikuwa nimelala hapa, wewe uko nje ya dirisha. Nikakusikia unawaapia watu kwa jina langu. Angeapa mwingine ningesema ni maneno tu. Lakini wewe una hasira, una matusi, uongo huna. Nikasema, kama Kokuberwa ameapa kwa jina langu, kitu hicho ni kweli. Nikamwambia Leonsia, weka yote, tusimwombe mtu tena."

Leonsia alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, na niliona anavyoelewa, kidogo kidogo, hadi akajiziba mdomo kwa mkono. Mama hakumwona. Mama alikuwa ananitazama mimi.

"Leonsia ameniambia Ijumaa," akasema. "Ni kweli, Kokuberwa? Zitatoka Ijumaa?"

Nilisimama pale. Nilimwona alivyoshika ile mbao ya kitanda, vidole vimekuwa vyeupe.

"Zitatoka, mama," nikasema. "Ijumaa."

"Haya basi. Dawa za maumivu zilizobaki zitanifikisha Ijumaa," akasema. Akanishika mkono, akaubusu, akanishukuru.